Msumari wa Nyuma ya Pazia

Wadogo zangu, kabla sijawaambia lolote, papaseni mifuko yenu. Papaseni hata kama mmekaa nyumbani na mashine iko mbali. Mimi mpaka leo nikienda kuchota maji najishika kiunoni kutafuta chuma. Kazi ile imekwisha, lakini mikono yangu haijapata habari.

Sijazeeka. Hapa kwetu Kanazi wakinisikia nasema "enzi zangu kazini" wanacheka mpaka wanakaa chini, kwa sababu sina hata mvi moja. Lakini utafiti ulifika mwisho, wataalamu wakafunga mizigo, na mtu ambaye kazi yake imefika mwisho ni mstaafu, hata kama kwao bado wanangoja aolewe. Sasa nasikia utafiti mwingine unakuja Bukoba, na watahitaji vijana wa kuwahudumia watu. Dada Edwiga, mpiga picha za ubongo niliyefanya kazi chini yake, ameniomba niwaandikie ninayoyajua. Nimeishia darasa la saba na naandika polepole. Nanyi someni polepole.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna watu ambao mwili wao unaruka bila ruhusa. Macho yanapepesa kwa nguvu, bega linapanda, au koo linatoa sauti kama kikohozi ambacho si kikohozi. Wataalamu wanaita tiki. Sisi pale tuliita miruko. Wao walitaka kuona ni sehemu gani za ubongo zinazofanya kazi mtu anapouachia mwili uruke, na ni zipi anapouzuia. Kwa hiyo mtu analala ndani ya mashine ya sumaku, kichwa kimewekwa ndani ya kitu kama kofia ya kizimba, na juu ya macho yake kuna kioo kidogo. Akiona duara la kijani kwenye kioo, anaachia. Akiona jekundu, anazuia. Wakati wote huo kichwa kisisogee, maana kikisogea kidogo tu picha inatoka imechafuka.

Mmeona shida ilipo? Tuliwachukua watu ambao hawajawahi kutulia, tukawaambia, haya, tulieni.

Na mimi niliyepewa kazi ya kuwafundisha kutulia, mkono wangu wa kulia hurusha vitu. Nina miruko tangu darasa la tatu, ya mkono na ya bega. Vikombe vya nyumbani kwetu vyote ni vya plastiki kwa sababu yangu. Nilifika pale kwanza kama mtu wa kupigwa picha, nikatoka na kazi. Dada Edwiga aliwaambia wenzake, "Huyu watu hawatamwogopa." Hakujua kwamba mimi ndiye nitakayewaogopa wao.

Tulikuwa na sanduku refu la mbao, la mviringo, lililochongwa na seremala wa mjini. Mtu alilala humo kufanya mazoezi kabla ya kuingia kwenye mashine ya kweli. Watu wakaliita mzinga, na kweli lilifanana na mzinga wa nyuki. Tuliweka spika ndani, ikatoa makelele yaleyale ya mashine. Hapa nawaomba mnisikilize. Mtu akiwa ndani ya mzinga, msimwambie "usiogope." Hilo neno halijawahi kumsaidia mtu. Mwambieni kitakachotokea. Sasa itagonga kama mtu anayegonga bati. Sasa itanguruma. Sasa itanyamaza, na ikinyamaza haijaharibika. Wengi hawaogopi kelele. Wanaogopa ule ukimya katikati, wanadhani wamesahauliwa humo.

Halafu kuna kahawa. Mzee mmoja wa hukuhuku Kanazi aliingia kwenye mashine vizuri sana, miguu sawa, mikono sawa. Picha ya kwanza ikatoka mbaya. Ya pili mbaya zaidi. Dada Edwiga akamwuliza kwa kipaza sauti:

"Mzee, unazungumza?"

"Hapana."

"Unasali?"

"Hapana, waitu, dada yangu. Nitasali nikitoka."

Tukamtoa, tukamwomba afungue mdomo. Alikuwa na punje za kahawa shavuni, zile tunazotafuna sisi tukifika kwa watu.

"Baba, umeingia na kahawa!"

"Nimefika ugenini," akasema. "Nikangoja mnikaribishe. Hamkunikaribisha. Nikajikaribisha mwenyewe."

Dada Edwiga anatoka mkoa mwingine, asingeweza kufikiria jambo hilo. Mimi nilipaswa kulifikiria, maana pale mlangoni mzee alikuwa amenipa punje mbili na nikazipokea. Tangu siku hiyo tuliweka kikapu kidogo mezani, na swali likaongezwa: una kitu mdomoni?

Lakini kahawa inaharibu picha tu. Chuma kinaharibu mtu. Sumaku ile haizimwi ukitoka kwenda kula. Iko macho usiku na mchana, na kitu cha chuma kikiingia mle chumbani kinaweza kuruka kama jiwe la manati. Ndiyo maana kwenye chumba cha kubadilishia nguo kulikuwa na misumari miwili. Wa kwanza ulikuwa mbele, karibu na kioo. Hapo watu walitundika rozari na medali zao, wakafanya ishara ya msalaba, wakaenda. Huo haukuwa na matatizo.

Msumari wa pili ulikuwa nyuma ya pazia. Niliuomba mwenyewe. Kwetu, mtoto akianza kurukaruka mwili, kuna watu watampeleka kwa padri asubuhi na kwa mganga jioni. Mganga anampa hirizi ya ngozi, ya kufunga kiunoni, na ndani yake mara nyingi kuna sindano. Mtu atavua rozari mbele ya watu wote. Hirizi hataitaja hata ukimwekea panga shingoni. Mimi yangu alinifunga mama, na siku yangu ya kupigwa picha nilichukua nusu saa kabla sijaitoa. Baadaye niliitundika kwenye msumari ule na nikaiacha hapo. Mtu akiingia kubadilisha nguo anaiona. Simwulizi chochote. Namwambia, "Ile ni yangu, ina sindano ndani, haiwezi kuingia kule," kisha nageuka nyuma. Nikigeuka tena, mara nyingi zipo mbili.

Wanaume nao waliujua msumari huo wa nyuma. Mama Zuhura, Mwislamu wa pale mjini, ndiye pekee aliyetucheka. Alitoa yake waziwazi, akaitundika kwenye msumari wa mbele, katikati ya rozari. "Yangu ina aya ya Mungu," akasema. "Nyinyi mnajificha nini huko nyuma kama wezi wa ndizi?"

Sasa nije kwa Adventina, kwa sababu yeye ndiye ninayemwota.

Alikuja na baba yake kutoka Kamachumu. Alikuwa kidato cha pili. Bega lake la kushoto lilikuwa likipanda, kisha koo linatoa sauti fupi, kali, kama mtu aliyekanyagwa. Darasani wenzake walicheka, walimu wakachoka, na mwalimu mkuu akamrudisha nyumbani. Alisema atampokea tena akija na mzazi wa kumsemea, wa kusimama na kusema mtoto huyu anaumwa, si mkorofi. Baba yake akakataa. Alikuwa kiongozi wa jumuiya, mtu wa neno moja. "Kanisani ananyamaza," alisema. "Misa nzima kimya. Basi anaweza. Siwezi kumsemea mtu anayefanya makusudi."

Wenye miruko mnalijua hilo. Unaweza kuizuia, kama unavyozuia chafya, kwa muda. Adventina aliizuia misa nzima, kisha akaenda nyuma ya migomba na kuiachia yote kwa pamoja. Baba hakuwahi kufika nyuma ya migomba.

Baba aliposikia habari za picha, akamwambia: twende, picha ikionyesha ugonjwa nitakwenda shuleni. Isipoonyesha, utabaki nyumbani ulime.

Niliposikia hayo koridoni, nilitaka kukimbia. Nilijua jambo ambalo wao hawakulijua. Wataalamu walikuwa wamewaeleza, lakini katika maelezo kama yale mtu husikia anachotaka. Picha zile hazikuwa za kumwambia mtu mmoja kama anaumwa. Zilikuwa zinakusanywa nyingi, za wenye miruko na za wasio nayo, kisha zinalinganishwa. Picha ya Adventina peke yake isingesema lolote. Binti alikuwa amesafiri kutoka Kamachumu kutafuta shahidi ambaye ni bubu.

Dada Edwiga akauliza maswali yake pale kwenye benchi, kama kawaida, kwa sauti. "Umewahi kufanyiwa upasuaji? Una kipande cha chuma mwilini? Umevaa cheni, pini, hirizi?"

Adventina akamtazama baba yake. Mzee akajibu haraka kuliko swali lenyewe.

"Sisi ni Wakristo, dada. Mambo hayo hatuna."

Watu kwenye benchi wakatikisa vichwa kwa heshima. Mimi nikaangalia mikono ya Adventina. Mmoja ulikuwa kiunoni.

Nyuma ya pazia nilimwonyesha msumari. Nikasema maneno yangu, nikageuka. Nilipogeuka tena kulikuwa na hirizi ileile moja, yangu. Amesimama na gauni la kupigia picha, macho yamejaa maji.

"Sina," akasema.

"Sawa."

"Kweli sina, dada."

"Sawa. Lakini ukiwa nayo, itavutwa. Kule ndani hakuna sala inayozuia sumaku. Naogopa, ndiyo maana nasema."

Bega lake likapanda mara kadhaa, sauti ikatoka. Akanong'ona, "Ameniapisha. Nikiitoa, nitakabwa na haya mambo mpaka nife."

"Nani amekuapisha?"

Alikuwa ameshaanza kufungua uzi. Alipomaliza akaishika kwa mikono miwili kama kifaranga. Hakutaka kuitundika. "Ikining'inia peke yake haitakuwa na nguvu," akasema. "Ishike wewe. Usiiachie mpaka nitoke. Niahidi."

Nikaahidi. Wadogo zangu, mtu ambaye mkono wake hurusha vikombe asiahidi kushika kitu. Lakini binti alikuwa ananitazama, na mashine ilikuwa inangoja.

Nikasimama kwenye mlango wa chumba cha kompyuta. Mbele yangu kulikuwa na kioo cha kuangalia kwenye mashine, nyuma yangu korido na benchi. Niliishika kwa mkono wa kushoto, ulio mtulivu. Adventina akaingizwa. Mashine ikaanza kugonga. Duara la kijani, sauti yake ikasikika kwenye spika. Duara jekundu, kimya. Alikuwa anazuia vizuri mno. Dada Edwiga akanong'ona, "Mtoto huyu ni jiwe." Na mimi moyo ukaniuma, nikawaza, kadiri anavyozuia vizuri ndivyo baba yake atakavyosema, unaona?

Nilipowaza hivyo wasiwasi ukapanda, na wasiwasi kwangu ni kama kuni kwenye moto. Nikahamisha hirizi mkono wa kulia ili nijifute jasho. Mara moja tu. Mkono ukaruka.

Niliiona ikipita hewani juu ya bega langu. Ikaanguka koridoni, ikateleza sakafuni, ikasimama mbele ya kiatu cha baba yake Adventina.

Benchi lote likaiona. Mama mmoja akasema "Yesu!" Mzee aliitazama. Kisha, taratibu, bila kuinama, bila kugeuza uso, akainua mguu na kuikanyaga. Akakaa hivyo, mikono magotini, kama mtu anayesubiri basi.

Nilibaki mlangoni. Nilikuwa nimeahidi kushika, na nilichoshika ni hewa. Kumwomba mzee anirudishie ilikuwa kumwambia, nimejua ni ya nani. Sikuweza. Sauti yangu haijawahi kuwa kubwa hata siku nilizokuwa na haki. Nikasimama nikisikiliza mashine ikigonga, nikiomba isinyamaze, kwa sababu ikinyamaza atatoka.

Ikanyamaza.

Adventina alitoka amelowa jasho, nywele zimebonyea kwa ile kofia. Kitu cha kwanza alitazama mikono yangu. Kisha akatazama uso wangu, na nadhani akaelewa kwamba ahadi imevunjika, kwa sababu akashika koo lake kama anayengoja kukabwa. Koo likatoa sauti. Akangoja. Hakukabwa.

Mzee hakusimama. "Dada," akamwambia Edwiga akiwa pale pale kwenye benchi, "picha imesema nini?"

Dada Edwiga akachuchumaa mbele yake, akamweleza kwa upole kama alivyomweleza mwanzo. Kwamba picha imetoka safi. Kwamba itaungana na nyingine. Kwamba haitoi hukumu ya mtu mmoja, na kuna ugonjwa ambao daktari anautambua kwa kumtazama na kumsikiliza mgonjwa, si kwa picha.

"Kwa hiyo haionyeshi ugonjwa."

"Haionyeshi kwamba hana, mzee. Haikuulizwa hilo."

"Nimeuliza mimi." Akageuka kwa binti yake. "Umesikia, Adve. Hakuna kitu. Na humo ndani nimekusikia unanyamaza ukiambiwa unyamaze. Ni makusudi, kama nilivyosema."

Adventina hakulia. Alikuwa ameuona mguu. Kila mtu alikuwa anautazama ule mguu, isipokuwa mwenye mguu.

"Tata," akamwita baba yake. "Inua mguu."

"Nini?"

"Inua mguu, tata."

Hakuinua. Korido ikawa kimya. Ule ukimya wa katikati.

"Mwaka jana mtoto wa jirani alifanya makusudi, akavunja dirisha la kigango," Adventina akasema. Bega likapanda, akaendelea. "Ulimpa nini? Fimbo. Mimi hujanipiga hata siku moja. Ulinipeleka gizani mpaka kwa yule mganga, ukashika taa mwenyewe, ukafunga uzi mwenyewe, ukalia. Kama ni makusudi, tata, ulikuwa unafunga nini?"

Mama yule wa benchi akaanza kusema kitu, mwenzake akamfinya.

Nilidhani mzee atapandwa na hasira. Nilikuwa tayari kuingia chini ya meza ya kompyuta. Badala yake akavuta mguu, akainama, akaiokota hirizi. Akatoa leso akaifuta vumbi, pande zote mbili, kwa uangalifu, kama mtu anavyofuta miwani. Akaitia kwenye mfuko wa shati, ule ule wenye rozari.

"Niliogopa," akasema. Hakusema kwa binti yake wala kwetu. Alisema kwa ule mfuko.

Halafu akaniona mimi mlangoni. "Wewe binti, ndiye umeirusha."

"Samahani, baba. Sikukusudia."

Neno lilitoka kabla sijalipima. Akanitazama sana. Mkono wangu, kwa aibu, ukaruka tena.

"Hukukusudia," akarudia. "Na wewe alikufunga nani?"

"Mama."

"Ikasaidia?"

"Hapana, baba. Ila nilijua mama anajua kwamba naumwa."

Akatikisa kichwa polepole. Kisha akasimama, akavaa kofia yake, akamwambia Adventina, "Jumatatu tunakwenda shuleni. Nitasema mimi."

"Utasema nini, tata?"

"Sijui bado. Kutoka hapa mpaka Kamachumu ni mbali. Nitakuwa nimepata maneno."

Kama mwalimu mkuu alimpokea, sijui. Utafiti uliisha muda si mrefu baadaye, na sikuwa na ujasiri wa kwenda mpaka Kamachumu kuuliza. Wasiwasi huo ninao hadi leo, nalala nao. Mkienda huko kazini mkampata mtu wa Kamachumu, mwulizieni, mniletee habari.

Ninachojua ni mpaka mlango wa nje. Adventina aligeuka kuniaga. Bega langu likapanda, kama linavyopanda nikiagwa. Lake likajibu hapohapo, likapanda. Miruko huambukizana hivyo, kama miayo. Langu tena, lake tena, tukasimama pale tumekunja midomo tusicheke, na watu kwenye benchi hawakujua watazame wapi.

Mzee alitutazama, mmoja, kisha mwingine, kisha mmoja.

"Twende, Adve," akasema. "Mmeshasalimiana vya kutosha."